Mpiga Chapa na Kanuni ya Watu Kumi

Alizaliwa wapi na nani, sijui. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu kwamba hayo huandikwa kaburini, na yeye bado alikuwa na kazi. Kwa hiyo msinisumbue na habari za ukoo wake. Nitawaeleza mtu mwenyewe kama nilivyomjua tangu miaka ya tisini, katika chumba kimoja chenye harufu ya wino na mafuta ya taa, nyuma ya barabara kuu, huku kwa Waingereza, pale mtaa wa Tottenham unapoanza kugeuka kuwa Stamford Hill.

Sisi tulimwita Mpiga Chapa. Alikuwa Myahudi, mzee, mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizoingia wino upande mmoja, kwa sababu alizishika kila alipofikiri, na alifikiri sana. Alichapa kwa mashine ya chuma ya zamani na herufi za Kiebrania za risasi, alizozipanga moja moja kwa mkono. Wenzake wote walikuwa wameshahamia kwenye kompyuta. Yeye alisema kompyuta haina uzito, na kitu kisicho na uzito hakiaminiki. Alichapa kadi za harusi, matangazo ya misiba, vitabu vya sala. Lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye mambo mawili tu: namna wazee wa zamani walivyochapa, na vitabu vya kanuni vya vyama.

Mimi nilikuwa nafanya usafi. Saa kumi na mbili asubuhi ofisi ya wakili ghorofani, saa moja na nusu kwake chini. Wiki yangu ya kwanza nilivuta droo moja kabatini ili nifute vumbi nyuma yake. Jamani! Droo ilikuwa nzito kuliko mtoto wa miaka mitano. Ikanitoka, na herufi zote zikamwagika sakafuni kama mchele. Nikasimama na ufagio wangu nikisubiri kufukuzwa kazi. Mzee akatoka nyuma, akaitazama sakafu, akanitazama mimi. Akaenda kwenye rafu, akashusha kitabu kidogo, akapekua. Akashusha cha pili. Akashusha cha tatu. Mwisho akavua miwani.

“Hakuna kanuni juu ya mfagiaji aliyemwaga droo,” akasema kwa huzuni. “Kwa hiyo siwezi kukukasirikia.”

Badala yake aliniomba nimsaidie kuzipanga upya. Tulifanya hivyo wiki tatu, nusu saa kila asubuhi. Majina ya herufi zake sikuyajua, nikazipa yangu: Kiti, Ndoano, Jembe, Mzee Anayeinama. Na yeye, mtu aliyekuwa tayari kubishana na ulimwengu mzima juu ya nukta moja, akayakubali majina yangu bila ubishi. Miaka baadaye ungemsikia akinung'unika peke yake kwa Kiingereza chake, akitafuta “Jembe” mbili za kumalizia mstari.

Basi, hivyo vitabu vya kanuni. Alinieleza kwamba Wayahudi wa zamani, katika miji yao ya Ulaya, kila jambo walilianzishia chama. Chama cha kutembelea wagonjwa. Chama cha kuvisha yatima. Chama cha kuwaozesha mabinti wasio na kitu. Chama cha kuamka alfajiri na kusoma zaburi. Na kilichoheshimiwa kuliko vyote, chama cha maziko, ambacho watu wake huosha maiti, huchimba na hubeba, na hawalipwi. Kila chama kilikuwa na kitabu chake, na ukurasa wa kwanza ulichorwa mlango wenye nguzo mbili, ili msomaji ajue kwamba anaingia mahali. Nikamwambia hata sisi tunavyo vyama vya kuzikana. Akaacha kazi aliyokuwa akiifanya.

“Mna kanuni?”

“Tuna kelele,” nikamjibu.

Tangu siku hiyo akawa ananisomea nikiwa nafuta vioo. Anayetembelea mgonjwa asikae juu kuliko kichwa cha mgonjwa. Asimsimulie habari za jirani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. (Hiyo nikamwomba anichapie nikawapelekee shangazi zangu wote.) Atakayempigia mwenzake kelele mkutanoni atatoa ratili moja ya nta kwa mishumaa ya sinagogi, atakayempigia kelele kwa haki atatoa nusu ratili. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliona ni sawa kabisa, na zaidi ya hapo, alizitekeleza. Akichelewa kufungua duka alijitoza nta. Akimjibu mteja kwa ukali alijitoza nta. Sinagogi lenyewe lilikuwa na umeme, wakamwomba asiwaletee tena, kwa hiyo mishumaa ilirundikana dukani. Siku mtu wa zimamoto alipokuja kukagua akakuta karatasi, mafuta ya taa na mishumaa imejaa mpaka darini, aliomba kiti kwanza.

Kitu kingine alichokipenda ni misamaha. Wapanga herufi wa zamani waliweka mwishoni mwa kitabu maneno machache ya kuomba radhi kwa makosa. Huyu alisema Ijumaa ilikuwa inaisha na Sabato inabisha hodi. Yule alisema mwenye kitabu alisimama nyuma yake anamharakisha. Mwingine alisema mkewe alijifungua katikati ya ukurasa. Mpiga Chapa alikuwa na daftari zima la misamaha aliyoinakili, na aliisoma kama watu wengine wanavyosoma barua za wapenzi. “Kitabu kinasema ukweli wa mwandishi,” alikuwa akisema, “ila msamaha unasema ukweli wa kazi.”

Kwa hiyo ungedhani ni mtu wa kusamehe wenzake. Wapi! Ukimletea kadi ya harusi iliyochapwa kwingine, alikurudishia na masahihisho kwa wino mwekundu, hata kama amealikwa. Hasa kama amealikwa. Aliwahi kwenda mazikoni, na watu wakiwa bado wanalia akamfuata mfiwa akamwambia kwamba tangazo la msiba lina herufi moja iliyopinduka. Halafu mtu huyo huyo alikuwa na sanduku la herufi zilizochakaa, ambazo alitakiwa kuzipeleka zikayeyushwe, naye alikataa katakata. Zimestaafu, alisema. Kila mwaka alizipangusa kwa kitambaa laini.

Watu wa jamii yake hawakumchukia. Walimsalimu. Ila waliacha kumwalika, kwa sababu mtu anataka kuoa au kuzika bila kupewa alama. Mkewe alikuwa ameshafariki, mtoto hawakujaliwa. Na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, kwa hiyo nisikilizeni.

Yeye alikuwa katibu wa chama cha maziko. Si kile kikubwa cha mtaani, ambacho angeweza kujiunga nacho kesho yake. Hicho alikikataa kwa sababu kitabu chake cha kanuni kilipigwa fotokopi. Chake kilikuwa kidogo, cha zamani, kilichotoka na wazee wa mji fulani huko Poland, chenye makaburi yake machache na kitabu chake kilichochapwa vizuri ajabu. Wenzake walikuwa wamekufa wote. Amebaki yeye. Na kanuni ya kumi na tisa ya chama hicho ilisema: mwanachama asizikwe na watu wasiofika kumi, na hao kumi wawe wanamjua kwa jina na kwa tabia. Wale wazee walichoka kuona watu wakiokotwa barabarani ili kujaza idadi.

“Watu kumi wa kuniombea nitawapata,” aliniambia. “Kwetu hao wanapatikana, ni wajibu wao. Lakini kumi wanaonijua?” Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika kwenye kidole cha tatu, ambacho kilikuwa ni mimi, akaacha.

Kubadilisha kanuni hakuweza. Mabadiliko yanataka akidi ya watu saba. Kila mwaka, Jumapili moja ya majira ya baridi, aliitisha mkutano mkuu. Nilimkuta siku moja, nimerudi kuchukua mwavuli. Alikuwa amevaa suti nyeusi, amesimama mbele ya meza, anaita majina. Majina kumi na saba. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya kuitika. Alipofika kwenye lake akasema, “Nipo.” Kisha akakaa nusu saa nzima akisubiri waliochelewa, kwa sababu kanuni inasema hivyo. Halafu akasimama, akatangaza kwamba akidi haikutimia, akaahirisha mkutano, akaandika muhtasari, akausaini. Kwa kuwa mwenyekiti naye anatakiwa kusaini, na kaimu mwenyekiti alikuwa yeye, akazunguka meza, akakaa upande wa pili, akausaini tena.

Nilitaka kucheka, na nilicheka, nje, kwenye kituo cha basi. Halafu nikalia. Mungu anisamehe kwa vyote viwili.

Sasa nije kwenye chama chetu. Tulikuwa Wakongo wa Uvira na Bukavu, Watanzania, mimi wa Kigoma nikiwemo, Wakenya wachache, na Bibi mmoja wa Unguja aliyekuwa mkubwa wetu sote. Mwenyekiti alikuwa Baba Riziki, mtu wa Uvira aliyefanya kazi ya kea, yaani kutunza wakongwe, kwenye nyumba ya wazee, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mimi katibu. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, na kila msiba tuligombana: nani azungumze kwanza, nani apande gari la mbele, nani apike. Safari moja maiti ilikaa mlangoni mwa kanisa karibu saa nzima tukibishana kwaya ipi iingie nayo. Nilimsimulia Mpiga Chapa huku nikifuta meza. Uso ulimbadilika.

“Maiti ilisubiri?”

“Ilisubiri.”

“Leteni kanuni zenu. Nitawachapia mwenyewe, zawadi. Maiti haisubiri, Katibu. Maiti ndiye mtu pekee ambaye hajachelewa.”

Tangu hapo akawa ananiita Katibu, na mimi namwita Mzee, na kazi ikaanza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kwanza herufi zake za Kizungu zilikuwa zimenunuliwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kinakula a kama mchwa. Ukurasa wa pili zikamwishia. “Mnazifanyia nini hizi zote?” akaniuliza, kana kwamba tunaziuza. Ikabidi akope za mlalo, ndiyo maana katika kitabu chetu a nyingine zimesimama na nyingine zimelala. Halafu akakataa kukata neno mwishoni mwa mstari. Wapanga herufi wa Kiebrania hawakati neno, alisema. Neno ni mtu, hukati mtu ili aingie mlangoni. Kwao kuna herufi pana za kuvutia mstari mpaka ujae. Sisi hatuna herufi pana, tuna maneno marefu. Basi kila asubuhi akawa ananiita na kibati chake cha kupangia herufi mkononi.

“Katibu, ‘wasiohudhuria’ haiingii. Nipe fupi.”

“Waliokosa kuja.”

“Bado ndefu.”

“Watoro!” nikamwambia, nimechoka.

Akaipanga. Ndivyo kanuni ya kumi na mbili ilivyopata ukali wake, na ndivyo watu wazima wenye wajukuu walivyoanza kuitwa watoro kwa maandishi.

Kanuni ya nne ilikuwa juu ya nani aweza kujiunga. Sisi tulikuwa tumeandika “yeyote apendaye”. Mpiga Chapa akaweka kibati chini. Kanuni bila ukuta ni uwanja, alisema, na uwanjani hulala mbuzi. Katika vitabu vyake vyote hakuna chama kinachomchukua yeyote apendaye. Alinisumbua siku tatu. Mwisho nikaandika: mwanachama awe aliyelelewa katika nchi ya Waswahili, au mtoto au mwenzi wa ndoa wa mtu wa namna hiyo. Akafurahi sana. Akaipanga kwa herufi nene.

Na hakuishia hapo. Vitabu vya zamani vya kwao vilitanguliwa na idhini za wazee wa dini, na ndani ya idhini mna onyo: atakayekichapa tena kitabu hiki kabla ya miaka kumi, alaaniwe. Hiyo ilikuwa kuwakinga wachapaji wasiibiwe kazi. Nani angeiba katiba ya chama cha kuzikana cha Tottenham? Lakini Mzee hakutaka kusikia. Nilimpelekea karatasi mchungaji wetu wa Bukavu nikitegemea atakataa laana. Kumbe! Alisema ni fupi mno, akaongeza majipu na nzige. Bibi wa Unguja na Baba Riziki nao wakatia saini.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mpiga Chapa alikaa mstari wa mbele kwa suti ile nyeusi, na kikombe chake cha chai mfukoni, maana vya kwetu hakunywea, kwa sheria za dini yake. Baba Riziki akasimama, akakifungua kitabu, akasoma kwa sauti ya Uvira:

“‘Msomaji usinilaumu. Lugha hii siijui, herufi ziliniishia, na Katibu wao anaongea sana.’”

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Baba Riziki akafunua ukurasa, akaendelea.

“‘Kanuni ya sitini, ya mwisho. Chama hiki kikivunjika, kila mtu ataenda zake kwa amani, bila kusemana.’”

Tukatazamana.

“Tumevunjika lini?” mtu akauliza nyuma.

“Si ndiyo kwanza tunaanza?”

“Mimi nilisema! Nilisema huyu mwenyekiti ana mambo yake!”

Mama Furaha, mpishi wetu, hakungoja maelezo. Akaanza kukusanya sufuria zake, na wali ukiwa ndani. Mimi nikakitwaa kitabu, nikakipindua huku na huku, ndipo nikaelewa. Kwa miaka hamsini mikono ya yule mzee ilikunja karatasi za vitabu vinavyofunguliwa kutoka kulia. Macho yake yalijua kwamba hiki ni Kiswahili; mikono haikuambiwa. Kila ukurasa ulikuwa sawa, ila kitabu kizima kilianzia nyuma. Nikamtazama pale mstari wa mbele. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Amejifunika uso kwa kofia. Mtu aliyepeleka wino mwekundu kwenye harusi za watu!

Bibi wa Unguja ndiye aliyetuokoa. Aliinuka na mkongojo wake.

“Nyie vipi? Kitabu cha heshima si hufunguliwa kulia? Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, sisi tulifungua hivi hivi, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kutoka kulia kabla baba zenu hawajaliona darasa.” Akamnyang'anya Baba Riziki kitabu, akakipindua, akapapasa ule mlango wenye nguzo mbili. “Bismillahi. Kanuni ya kwanza. Keti chini, Mama Furaha, urudishe wali mezani.”

Tukapiga makofi. Ilipigwa kura kikubaliwe kilivyo. Mwanangu Neema, aliyezaliwa hapa na ambaye hunijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimu, alikwenda kumwondolea mzee kofia usoni, akamwambia kwamba sherehe haijawahi kuwa nzuri hivi.

Jumatatu yake, naingia na ndoo, nikamkuta amesimama katikati ya duka.

“Katibu,” akasema, “walikuwa wangapi pale?”

“Sabini na kitu.”

“Na wote walikuwa wanagombana. Watu hawagombani hivyo na mtu wasiyemjua.” Akashika ndevu. “Nataka kujiunga.”

Moyo wangu uliruka. Nikaenda kwa Baba Riziki siku hiyo hiyo, na yeye akasema hilo halina hata mjadala, mzee ni wetu. Mkutano uliofuata nikasimama kutoa hoja. Sijamaliza sentensi, mkono ukanyooshwa nyuma. Nani? Mpiga Chapa mwenyewe.

“Ninapinga,” akasema. “Katibu anavunja kanuni ya nne. Mwombaji hakulelewa katika nchi ya Waswahili, si mtoto wao, si mwenzi wao.”

“Mwombaji ni wewe!” Baba Riziki akafoka.

“Namjua vizuri. Hafai.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu aliingia na akavuta ngazi. Nikasema, haya, tuibadilishe kanuni. Akasema kuibadilisha ni kuchapa upya, na kuna laana ya miaka kumi. Nikamwambia laana ni yake mwenyewe. “Ndiyo maana najua ni kali,” akajibu. Baba Riziki akamsihi awe mgeni wa kudumu. Akasema kitabu hakina mgeni wa kudumu. Mtu akajitolea kumwoza shangazi yake, mjane wa Mwanza, ili aingie kama mwenzi wa ndoa. Mzee alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, kisha akalikataa kwa heshima.

Mimi nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika, wiki mbili sikumsalimu, nilisafisha duka lake kama linanidai. Wengine waliona kichekesho. Mimi nilikuwa nimemwona Jumapili ile akiita majina ya wafu. Alikuwa na mlango wazi mbele yake, akaufunga kwa mkono wake, kwa sababu tu alikuwa ameupanga vizuri.

Lakini hakuacha kuja. Mikutano yote alikaa kiti cha nyuma, si mwanachama, si mgeni, na kikombe chake. Alisahihisha muhtasari wangu. Alimpimia Baba Riziki muda wa kuzungumza kwa saa ya mfukoni. Wawili hao waligombana kila mwezi kwa miaka, mpaka watoto wetu wakawa wanakuja makusudi kusikiliza. Halafu macho yakamfifia, duka likafungwa, yeye akapelekwa kwenye nyumba ya wazee huko Hendon, mabasi mawili na mguu. Nilikwenda mara chache. Kisha sikwenda. Shifti, watoto, uvivu. Sina msamaha wa kuchapa.

Baba Riziki alituacha Februari moja, yapata miaka minane baada ya uzinduzi ule. Nilipiga simu Hendon nikaacha ujumbe, nikidhani hata hawatamfikishia. Siku ya maziko nilitangulia makaburini kuangalia kama shimo liko tayari, maana kanuni ya saba inamtaka Katibu afike kabla ya maiti. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Na pale kwenye benchi karibu na geti, amekaa na kigari chake cha kutembelea, kofia nyeusi, koti limefungwa vifungo visivyokutana, alikuwepo.

“Umechelewa dakika nne,” akaniambia.

Kumbe alitoroka. Hakumwambia nesi hata mmoja, akapanda basi la kwanza, akapotea, akapanda la pili, akauliza. Simu yangu ilikuwa imejaa ujumbe kutoka Hendon, na polisi walikuwa wameshaarifiwa kwamba mzee mmoja amepotea. Nikampigia simu nesi, nikamtuliza. Kisha nikakaa kando ya mzee, nikamvulia mtandio wangu nikamfunga shingoni, na yeye akaniacha nimfunge.

“Mzee,” nikamwambia, “wewe si mwanachama. Kanuni gani imekuleta?”

Mkono ukaenda kwenye ndevu. Hazikuwa na wino tena, zilikuwa nyeupe zote.

“Hakuna,” akasema. “Nimepekua.”

“Umekuja tu.”

“Nimekuja tu.” Alisema kwa aibu, kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani.

“Basi na sisi,” nikamwambia, “siku yako ikifika, tutakuja tu.”

Akageukia geti. Magari yalikuwa yameanza kufika, na watu wetu wanashuka, wanaingia getini kwa mafungu na makoti yao mazito. Akawa anawatazama, midomo inachezacheza. Nikainama nisikie. Kwao watu hawahesabiwi, aliniambia, ni mkosi; ukilazimika, unakanusha. Nikamwambia nyanya yangu Kigoma naye hakukubali wajukuu wahesabiwe. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaniwekea kidole begani.

“Si mmoja,” akasema.

Bibi wa Unguja alipita akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, akamwona, akampigia kelele kwamba amekonda na watu wa Hendon wanampa nini. “Si wawili.” Mchungaji akaja kumshika mikono yote miwili. “Si watatu.” Mama Furaha, na sufuria. “Si wanne.” Yule aliyemtafutia mjane wa Mwanza. “Si watano.” Neema wangu, mtu mzima sasa, alimbusu shavuni na kumgombeza kwa Kiingereza kwa kutoka bila glavu. Kila mmoja alisimama kwanza kwake kabla ya kuendelea kwenye shimo, na kila mmoja alikuwa na neno la kumlalamikia. Akaenda hivyo, taratibu, mpaka tisa.

“Si kumi,” akasema. Akafuta pua kwa ncha ya mtandio wangu. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa bado wanaingia getini, akaendelea.